Ndege wa Kazini Hawahesabiwi

Jumatatu, 2 Juni

Matroni kaniita pembeni. Mtu mzima na mvi zangu, naitwa pembeni kama mtoto aliyevunja kioo! Huyu mama alistaafu uuguzi zamani lakini bado anatuona sote wagonjwa wake. Ndiye mwenyekiti wa kundi letu la matembezi na kutazama ndege. Filimbi haimtoki shingoni hata akiwa sokoni.

Kasema watu wanalalamika. Mimi ndiye mpangaji wa matembezi ya msimu huu ulioanza na masika, na msimu mzima tumeona kunguru mmoja. Nikamkumbusha kwamba kunguru naye ni ndege. Akasema kunguru yule alikuwa ametua kwenye jaa la takataka, na kwamba jaa kama lile analo nyuma ya nyumba yake, hakuwa na haja ya kupanda mlima wangu. Kisha akatoa hukumu. Matembezi mawili yamebaki. Yasipotoa ndege wa maana, msimu wa vuli utapangwa na mtu mwingine.

Mtu mwingine! Namjua. Ni daktari wa meno, yule tunayemwita Darubini kwa sababu ya lile dude analoning'iniza kifuani, kubwa utadhani anataka kutazama mwezini. Kila nikipotea njia anatabasamu. Meno yake yote yapo, na huyaonyesha bila kuombwa.

Sitakubali, piga ua. Kazini nafuata amri za Meneja. Nyumbani nafuata amri za mama mkwe, aliyekuja kutusalimia mwaka juzi na mpaka leo anatusalimia. Ni Jumamosi za matembezi tu ambapo watu wazima wananifuata mimi nyuma, nikikata kona nao wanakata. Nikinyang'anywa hilo sijui nitabaki na nini.

Kazini leo: ndege, ndege, ndege! Wamejaa mabwawani kana kwamba wamealikwa. Nimegonga debe mpaka mkono umekufa ganzi. Meneja hataki kuwaona. Wanachafua vyuma na kujenga viota kwenye pampu. Nimewafukuza wote kabla ya chai. Baada ya chai walikuwa wamerudi, na wengine wamekuja na wenzao.

Jumatano, 4 Juni

Mchana nimepanga matembezi ya Jumamosi. Raha iliyoje! Ramani mezani, rula mkononi, mlango nimeufunga.

Nafanya kazi kwenye mabwawa ya majitaka. Kila kinachotoka vyooni mwa mji huu huishia kwangu. Ni kazi halali na inalisha watu, ila kuna pahali pa kuitaja na pahali pa kunyamaza. Siku niliyojiunga na kundi, Matroni aliniuliza kazi yangu. Nikasema mambo ya maji. Akasema kumbe mhandisi. Nikakohoa. Tangu hapo naitwa Mhandisi, na nimeshaombwa ushauri wa visima vitatu. Vyote nimevikubali.

Kundi letu lina sheria: mpangaji lazima aitembee njia yeye mwenyewe siku chache kabla, ajue matope yako wapi, kivuli kiko wapi, ndege wako wapi. Sheria nzuri kwa watu wasiojua kusoma ramani. Mimi nimechagua msitu mkubwa ulio kaskazini. Kwenye ramani ni kijani kitupu, na kila penye kijani pana ndege, mambo hayo hayahitaji chuo. Jioni mke wangu, ambaye naye ni mwanakundi, aliniuliza kama nimeshaipita njia. Nikasema nimeipita mara mbili. Sikudanganya. Niliipita kwa kidole, kwenda na kurudi.

Jumamosi, 7 Juni

Mikaratusi! Msitu mzima ni mikaratusi ya kupandwa! Mti, mti, mti, kwa mstari mnyoofu, kama askari kwenye gwaride. Chini hakuna hata jani la kumfurahisha mdudu. Ndege gani aende kukaa humo? Kimya kilikuwa kizito hadi nikasikia tumbo la Darubini likiunguruma.

Nilijitahidi kuuokoa msafara kwa maelezo. Nikawaeleza faida za miti. Nikawaeleza mzunguko wa maji, maana wao wananiona mtaalamu. Nikaeleza njia nzima bila kupumzika. Matroni alipiga filimbi mara kadhaa akiomba tusikilize kama kuna sauti ya ndege. Nikamweleza kwa nini hakuna.

Mama mkwe hakualikwa lakini alikuja, na kigoda chake. Kila nikisimama kueleza, anakaa. Mara ya mwisho alikataa kuinuka. Alisema kama ni kutazama nguzo za umeme angebaki nyumbani, huko ziko mbili na zote anazijua.

Kwenye kibanda cha mlinzi wa msitu tulimwona kuku. Nikasema kwa sauti kwamba kuku ni wa jamii moja na kwale. Hakuna aliyeinua darubini.

Tulipokuwa tukinywa maji, daktari wa meno akaleta kimbelembele chake. Alisema, huku akinitazama mimi, kwamba mgonjwa wake mmoja amemdokeza habari za mabwawa fulani pembezoni mwa mji. Huko, eti, kuna ndege mpaka wanakera. Heroe. Mwari. Na yule domokijiko ambaye kundi letu linamtafuta tangu lianzishwe. Watu wakamzunguka kama nyuki.

Mji huu hauna mabwawa mengine!

Jumapili, 8 Juni

Kikao na mke wangu, jikoni, sauti za chini kwa sababu ya mama yake.

Alikuwa akimenya viazi. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka kisu chini. "Baba watoto, hao watu wanatafuta ndege. Wewe unashinda na ndege kutwa nzima. Tatizo lako nini hasa?"

Nikamweleza kwa utaratibu. Wale si ndege wa kutazamwa. Ni ndege wa kazini. Ndege wa kutazamwa anakaa kwenye mti, mlimani, mtu anamfuata kwa jasho. Ndege anayekuja mwenyewe kukunyea kofia hahesabiwi. Na hata kama angehesabiwa, nitawapeleka watu wale kule niwaambie nini? Karibuni, hii ndiyo ofisi ya Mhandisi, tazameni kinachoelea?

Akasema yeye aliolewa na mtu wa majitaka, anajua hivyo, na hajawahi kuziba pua. Maneno mazuri, nakiri yamenigusa. Lakini si msaada. Yeye hana cheo cha kulinda.

Nimekata shauri. Darubini akifika kwenye mabwawa yangu asikute hata unyoya.

Jumanne, 10 Juni

Nimetengeneza sanamu ya kutishia ndege. Fito mbili, ovaroli yangu kuukuu, kofia ngumu, majani kifuani. Kazi safi. Nikaisimamisha kwenye ukingo wa bwawa la pili, nikaenda stoo kupumzika.

Kufikia saa sita ndege wawili walikuwa wamekaa mabegani mwake na wa tatu juu ya kofia. Walikuwa wametulia tuli, wanaota jua.

Saa kumi Meneja aliniita ofisini. Nikajua leo ni leo. Kumbe alitaka kunipongeza! Alikuwa akinitazama kutoka dirishani kwake tangu asubuhi, na hajawahi kuona mfanyakazi akisimama kwenye zamu yake kwa uvumilivu namna ile, bila kuzurura, bila simu. Akasema hata ndege wameniheshimu. Miaka yote niliyofanya kazi pale hajanipa neno moja la shukrani, na alipolitoa likaenda kwa majani!

Nimeiacha sanamu palepale. Kesho nitafika kwa kuchelewa kidogo.

Alhamisi, 12 Juni

Mgonjwa aliyetoa siri nimemjua. Ni Meneja! Amerudi kazini leo na shavu limevimba, gego limeng'olewa, na furaha tele. Anasema wiki iliyopita, alipokwenda kupimwa gego, daktari wa meno alimuuliza anafanya kazi wapi, na wakati mdomo u wazi wakaanza kuongea ya mabwawa na ndege. Sielewi mtu anaongeaje mdomo ukiwa wazi. Lakini huyu kaongea, na safari hii ya kung'oa hata kibali katoa. Kundi la watazama ndege linakaribishwa Jumamosi ya tarehe 21, wakipenda.

Nikamuuliza kama si yeye aliyeniagiza niwafukuze ndege. Akasema ndege ni uchafu, lakini wageni ni heshima. Kisha akanipa agizo jingine: wageni wakija, mwenyeji wao nitakuwa mimi. Yeye Jumamosi hafanyi kazi, ila wanaweza kumtegemea mtu wake mwaminifu, yule asiyebanduka kwenye zamu.

Ile sanamu imeniponza!

Bado kuna tumaini moja. Njia ya matembezi ya mwisho haijapitishwa. Keshokutwa tuna kikao kwa Matroni. Nitampiga Darubini kwa hoja.

Jumamosi, 14 Juni

Kikao. Sebule ya Matroni ina viti vilivyopangwa kama wodi, na kila mtu anapimwa kwa macho akiingia.

Mimi nilipendekeza maporomoko ya maji. Nilikuwa na ramani, nilikuwa na picha niliyoikata kwenye kalenda. Darubini akapendekeza mabwawa ya majitaka. Hakuleta chochote isipokuwa meno yake.

Nikaomba nafasi ya kusema kama mtaalamu. Nikawaonya. Hewa ya pale ni nzito. Mtu akiivuta anapoteza hamu ya chakula kwa wiki. Kingo zinateleza. Koki zinaweza kufunguka zenyewe. Nilitaja kila hatari ninayoijua, na ninazijua zote. Nikaona nyuso zinabadilika, nikasema moyoni, Mhandisi, umewamaliza!

Matroni akasema yeye kafanya kazi wodi ya matumbo, hakuna harufu inayoweza kumtisha. Halafu akanigeukia kwa upole ambao sijawahi kuuona kwake. Akasema wana bahati kuwa na mtu anayezijua hatari hizo kwa undani hivi, na ataenda kwa amani kwa sababu mimi nitakuwa mbele.

Wakapiga kura. Mabwawa yakapita. Mikono yote juu isipokuwa wangu na wa mama mkwe, ambaye si mwanachama na alikuwa amesinzia. Mke wangu naye alinyoosha. Alinyoosha polepole, lakini alinyoosha.

Uamuzi wa nani apange msimu wa vuli utafanywa palepale bwawani, matembezi yakiisha.

Nimejipalia makaa mwenyewe. Jumamosi ijayo natakiwa kuwa mbele ya kundi kama Mhandisi, na langoni nikiwapokea kama mfanyakazi wa majitaka. Siku moja, saa moja, mtu mmoja.

Jumanne, 17 Juni

Nimepata! Akili hii ingekuwa serikalini tungekuwa mbali.

Ndege wa majini anafuata nini? Maji. Ukimwondolea maji, anaondoka. Rahisi! Hakuna ndege, hakuna matembezi. Darubini ataaibika, nami nitawapeleka watu kwenye maporomoko wakiwa wamenyong'onyea na wenye shukrani.

Leo nimefungua koki kubwa ya bwawa la tatu, lile linalojaa ndege kuliko yote. Meneja nimemwambia nalisafisha kwa heshima ya wageni. Akasema yeye alijua mimi ni mtu wa kujituma. Maji yanashuka vizuri. Jioni ndege walikuwa wamesimama kando wakitazama, wamechanganyikiwa. Nikawapungia mkono wa kwaheri.

Alhamisi, 19 Juni

Mungu wangu.

Bwawa la tatu limebaki tope. Tope jeusi, laini, limejaa minyoo na vidudu ambavyo miaka yote vilikuwa vimejificha chini ya maji. Nimewafunulia chungu! Habari imeenea angani, sijui kwa njia gani. Wamekuja wale wa kawaida, wakaja wageni, wakaja wadogo wenye miguu kama njiti wanaokimbia huku na huko wakidonoa kama cherehani. Waridi. Weupe. Kahawia. Yule wa mdomo kama kijiko ambaye hunikodolea macho kila nikigonga debe, leo kaja na wenzake, wako saba wamejipanga wanakoroga tope.

Nimegonga debe. Hawakuinua hata kichwa.

Nimejaribu kurudisha maji. Koki imekwama.

Ijumaa, 20 Juni

Mambo yamenifika shingoni. Nimefikiria kuugua. Lakini nikiugua kama mfanyakazi, Meneja atakuja mwenyewe kuwapokea wageni, atanitaja kwa jina na sifa zangu zote. Nikiugua kama Mhandisi, ninampa Darubini msimu wa vuli kwenye sahani.

Kati ya mawili, nimechagua moja la katikati. Mhandisi amesafiri. Ameitwa ghafla kwenye kisima. Mke wangu atapeleka udhuru. Mimi nitawapokea kwenye lango nikiwa na ovaroli nzima, mabuti, glavu, kofia ngumu, miwani ya kukinga macho, na ile barakoa kubwa ya kuingilia kwenye mashimo. Sitasema neno. Nitawazungusha haraka, nitawaonyesha pampu, nitawachosha, nitawatoa. Hawatapenda. Watasema afadhali Mhandisi.

Mke wangu alipousikia mpango huu alichukua chupa ya chai akaanza kuiosha. Halafu akauliza kama kweli hiyo ni rahisi kuliko kusema. Nikamwambia haelewi siasa za kundi.

Jumamosi, 21 Juni

Wamekuja wote. Kundi zima langoni, mpaka wale ambao huwa na mafua kila nikipanga mimi. Matroni na filimbi. Darubini na dude lake. Mke wangu na chupa ya chai. Mama mkwe na kigoda.

Matroni akatangaza kwamba Mhandisi hakuweza kufika. Nikangoja masikitiko. Mtu mmoja akasema basi leo tutasikia ndege. Wakacheka! Ndani ya barakoa nilikuwa nafuka moshi.

Nikageuka nikaenda. Wakanifuata.

Mpango ulikuwa kuwapitisha kwenye pampu. Lakini ukizoea njia, miguu inakwenda yenyewe, na miguu yangu kila asubuhi inakwenda bwawa la tatu. Na sikuweza kueleza kitu, barakoa imebana. Nikawa naelekeza kwa fagio tu. Pale. Na pale. Mimi najua kila mmoja anakaa wapi kwa sababu kila mmoja nimeshamkimbiza. Nilijua yule mkubwa mweusi atanyanyuka tukifika kwenye bomba, maana hunyanyuka kila siku kunikwepa. Nikainua fagio mapema. Akanyanyuka. Nyuma yangu nikasikia watu wanavuta pumzi.

Tulipofika ukingoni nikageuka kuona kama wamechoka. Walikuwa wamesimama mstari mmoja, hakuna anayesema. Darubini kafungua mdomo kimyakimya, na dude lake ameliacha linaning'inia. Matroni ameishika filimbi kifuani asiipige kwa bahati mbaya. Machozi yalikuwa yakimtoka, na hakuyafuta. Mke wangu hakuwa anatazama bwawa, alikuwa ananitazama mimi.

Naandika ukweli: sijawahi kufuatwa namna ile. Nilisogea hatua moja, wakasogea hatua moja. Nikasimama, wakasimama. Nilijisikia mtu. Kwa kitambo nikasahau kabisa kuwachosha.

Mama mkwe ndiye aliyevunja kimya. Akaketi, akanitazama kuanzia chini kwenda juu. "Huyu si mkwe wangu? Mabuti hayo nilimnunulia mimi."

Nikaganda. Daktari wa meno akanikazia macho, lakini yule hawezi kumtambua mtu mpaka amwone meno. Matroni akainama akamwambia mama mkwe kwa huruma kwamba jua limekuwa kali, anywe maji. Mke wangu akammiminia chai haraka na kumwomba anyamaze. Mama mkwe akanyamaza, ila macho hakuyaondoa kwenye mabuti.

Kisha kura. Darubini alikuwa ameshajiweka sawa, ametabasamu tayari, kasogea mbele. Njia ilikuwa ya kwake, alikuwa na haki ya kutegemea kuchaguliwa. Matroni akampita. Akaja mpaka nilipo mimi.

Akaniuliza kama ningekubali kupanga matembezi yao ya msimu wa vuli. Sikujibu. Ningejibu nini? Akawageukia wenzake.

"Huyu bwana hasemi," akasema. "Nimemsubiri mtu kama huyu tangu masika."

Mikono yote ikaenda juu. Yote! Hata wa Darubini, kwa uvivu. Hata wa mke wangu, na yeye wala hakuunyoosha polepole safari hii. Mama mkwe, ambaye hana kura, kanyoosha miwili.

Nimeondolewa. Nimeondolewa mbele ya macho yangu, na nafasi yangu kapewa mtu wa majitaka!

Jumapili, 22 Juni

Matroni kanipigia simu. Sauti ile ya kumwambia mtu majibu ya vipimo. Akasema kundi linamshukuru Mhandisi kwa yote, ila limepata mpangaji mwingine.

Nikauliza huyo mtu ana sifa gani. Akasema ananyamaza. Nikauliza kama anajua hata kusoma ramani. Akasema hajui, ila walimwona domokijiko, tena saba. Nikamkumbusha, kwa heshima, kwamba yule ni mfagiaji wa mabwawa ya vyoo. Hapo sauti yake ikabadilika. Akasema ametibu watu wa kila kazi na hajaona bado kazi inayomshusha mtu, na kwamba hakutegemea kusikia maneno hayo kutoka kwangu. Akakata.

Kwa hiyo sasa natukanwa kwa ajili yake!

Nikamgeukia mke wangu. Nikamuuliza kwa nini alinisaliti mbele ya watu. Alikuwa anakunja nguo, na hakuacha kukunja.

"Nilimchagua mume wangu," akasema. "Yule mwingine simjui."

Majibu ya mkato hayo, hayasaidii. Akaendelea kunisihi. Simu hii hapa, mpigie mama wa watu, mwambie ni wewe, watu watacheka siku moja halafu utakuwa mpangaji maisha yako yote. Akaifungua namba mwenyewe akanipa simu mkononi.

Niliishika. Naapa niliishika, na kidole nilikiweka. Halafu nikafikiri. Nikisema ni mimi, watajua Mhandisi hayupo. Na Mhandisi ndiye aliyeanzisha kila kitu: ramani, mlima, maelezo. Nimtupe hivihivi kwa ajili ya mtu aliyekuja jana na fagio?

Nikairudisha simu. Mke wangu akachukua nguo zake akaenda kukunjia chumbani kwa mama yake. Nikawasikia wanacheka.

Jumanne, 24 Juni

Hali imekaa vizuri kuliko nilivyodhani.

Asubuhi mlinzi wa lango alinipa ujumbe kutoka kwa Matroni: yule bwana wa barakoa anaombwa afike kwenye kikao cha Jumamosi, akabidhiwe msimu wa vuli. Mchana nikapata ujumbe mwingine wa Matroni, huu kwa Mhandisi: nifike kikao hichohicho, nimkabidhi ramani, tupeane mikono, yaishe.

Sasa nimempata! Atakuja mbele yangu. Nimekaa stoo mchana kutwa nikiandaa maswali, na sanamu iko kwenye zamu. Nitamuuliza majina ya ndege wote, na najua hayajui. Nitamuuliza mzunguko wa maji. Nitamuuliza kwa nini haongei, anaficha nini. Na nitawauliza wote waliokaa, wanamjua huyu ni nani? Wameuona hata uso wake?

Bado sijaamua tutakaaje wawili sebuleni kwa Matroni kwa wakati mmoja. Hilo ni jambo dogo, mlango wa nyuma upo, na mimi ni mtu wa mipango. Nimemweleza mke wangu. Akafunika uso kwa mikono miwili, nadhani ni kwa sababu ya msisimko.

Akishaaibika, hawatakuwa na budi kunirudia. Kuna wakati namhurumia, maana si mtu mbaya, ni mchapakazi. Lakini yeye ndiye aliyenianza.